Mti Ukianguka, Usikimbilie Kuni: Jinsi ya Kupasua Mabao Mazito kwa Msumeno wa Injini



Kila mwaka mvua za kwanza zinapofika Uasin Gishu, mwezi wa tatu ama wa nne, huja pamoja na upepo. Sisi tunaotembelea vikundi huko Moiben, Kesses, Turbo na Ainabkoi tumelizoea jambo hili: asubuhi unafika kwa mtu na kukuta mti mkubwa umelala, mizizi iko juu, ua limevunjika, na watu wamesimama wakiuangalia. Wa kwanza kufika huwa ni majirani. Wa pili huwa ni mnunuzi.

Mwaka mmoja tulifika kwa mama mjane, mwanachama wa kikundi cha akina mama, siku mbili baada ya msaiprasi wake kuanguka. Ulikuwa mti wa miaka mingi, aliopanda marehemu mzee wake. Tulichokuta ni matawi na unga wa mbao tu. Mnunuzi alikuwa amemwambia, "Mama, mti ulioanguka wenyewe ni kuni. Hauna mbao." Karo ya muhula wa pili ilikuwa karibu, kwa hivyo mama akakubali alichopewa. Lakini mnunuzi hakupasua kuni. Alileta fundi mwenye msumeno, akatoa mabao ya unene wa inchi 3, akayapakia kwenye pikapu na kwenda zake. Baadaye mama alikwenda mjini Eldoret kununua sare ya shule, akaona nje ya karakana moja meza iliyotengenezwa kwa bao moja pana la saiprasi. Akauliza bei. Alituambia kwamba meza ile moja ilikuwa na bei kubwa kuliko mti wake wote.

Hatusemi mnunuzi aliiba. Alijua kitu ambacho mama hakukijua, basi. Katika makala hii tunataka tukiweke kitu hicho mikononi mwenu: mti ulioanguka unaweza kupasuliwa pale pale ulipolala, ukawa mali ya kikundi, bila kuukokota mpaka kiwandani. Lakini kazi hii ina hatari ya kweli, na ina mahali pengi pa kupoteza pesa. Kwa hivyo tutakwenda polepole.

KWA NINI MABAO MAZITO?

Msumeno wa injini, ule wengi hapa huuita pawasoo, ulitengenezwa kwa ajili ya kukata mti kwa kukingama, si kuupasua kwa urefu. Mnyororo wake ni mnene. Kila unapopita ndani ya gogo unakula karibu milimita 9 za mti na kuzigeuza kuwa unga. Msumeno wa kiwanda, hasa ule wa mkanda, hula kidogo sana kuliko hapo.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Chukueni gogo lililokwisha kusawazishwa pande zote, lenye kimo cha milimita 300, yaani karibu futi moja. Mkipasua mbao za inchi 1 (milimita 25), mtapata mbao 9. Mbao zenyewe zikipangwa juu ya nyingine zinafika milimita 225. Zile 75 zinazobaki, karibu zote zimekuwa unga chini ya miguu yenu.

Gogo hilo hilo mkilipasua mabao ya inchi 3 (milimita 75), mtapata mabao 3, na bao la nne la karibu inchi 2. Jumla ni milimita 273. Mmeokoa karibu milimita 50 za mti mzuri, mmepita na msumeno mara 3 badala ya mara 8, na mmetumia petroli kidogo zaidi ya theluthi moja ya ile ambayo mngeitumia.

Hii ndiyo siri ya kwanza. Msumeno wa injini si mashine ya mbao nyembamba. Ukitaka mbao za 6x1 za kuezekea, afadhali upeleke gogo kwenye mashine ya kupasulia, kama iko karibu na barabara inapitika. Lakini kwa bao zito la meza, la benchi la kanisa, la daraja dogo la kuvukia mto, ama la kaunta ya duka, msumeno wa injini unafaa. Tena kiwandani mara nyingi gogo pana sana halipiti kwenye mashine. Hapo shambani linapita.

KWANZA, MTI NI WA NANI?

Upepo haubadilishi mwenye mti. Mti ulioanguka ndani ya msitu wa serikali, kama Kaptagat ama Timboroa, bado ni wa serikali, hata kama umeoza nusu. Kuingia msituni na msumeno bila kibali ni kosa, na msumeno wenyewe unaweza kuchukuliwa. Mti wa kando ya barabara una ofisi inayohusika nao. Mti ulio mpakani mwa mashamba mawili ni wa kuzungumza na jirani kabla ya kuwasha injini, si baada.

Mti wa shambani kwako ni wako, lakini mbao zikitoka barabarani, utaulizwa zilitoka wapi. Sheria ya misitu inayotumika ni ile ya mwaka 2016, na shirika linalosimamia ni Kenya Forest Service. Nendeni kwa chifu mkaandikiwe barua kwamba mti ulianguka katika shamba la fulani, kisha mwende ofisi ya misitu iliyo karibu muulize kuhusu kibali cha kusafirisha. Fanyeni hivyo kabla ya kukodi gari. Tumeona mbao zikilala kando ya barabara siku tatu, zikinyeshewa, kwa sababu ya karatasi moja.

Tena msitegemee mliyosikia zamani, kwa sababu masharti hubadilika. Mnakumbuka Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Julai 2023 Rais Ruto alitangaza kwamba marufuku hiyo imeondolewa, na muda mfupi baadaye jambo lenyewe likafika mahakamani. Kwa hivyo ulizeni kila mara.

Jambo lingine ni miti ya asili. Ukiwa na tarakwet (mtarakwa), podo, ama tenduet, usiguse mpaka afisa wa misitu aje aone. Tenduet, ule ambao gome lake huuzwa kwa ajili ya dawa, uko chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini tangu 1995.

MTI ULIOLALA BADO HAUJAFA

Ndugu zetu, hapa tunaomba msome polepole, na mwenye kusomea wengine asome mara mbili.

Watu huuogopa mti unaosimama. Ukishaanguka, hofu inakwisha, watoto wanapanda juu yake na kila mtu anakuja na panga. Lakini mti uliong'olewa na upepo ni kama mtego uliotegwa. Shina limepinda, matawi yaliyo chini yamebeba uzito wote, na lile bonge la mizizi na udongo lililosimama linavutwa na shina lisirudi shimoni. Ukikata shina karibu na mizizi, umekata kamba ya mtego. Bonge la mizizi linaweza kurudi shimoni mara moja, pamoja na kisiki chake, kwa uzito wa tani nzima.

Tulikuwa mahali ambapo fundi alikuwa tayari amewasha msumeno. Mzee mmoja akasema, "Fundi, hebu ngoja kidogo, nihesabu wajukuu." Alihesabu, akakosa mmoja. Kijana wa miaka sita alikuwa ndani ya shimo la mizizi, anachimbua minyoo ya kuvulia samaki. Akatolewa. Fundi akakata, na kabla hajamaliza kisiki kilisimama kwa kishindo na shimo likajifunga. Hakuna aliyesema neno kwa dakika nzima. Tangu siku hiyo hatuandiki juu ya kazi hii bila kuanza na shimo.

Kwa hivyo haya ndiyo mambo ya lazima:

1. Kama waya wa umeme umeguswa na mti, hakuna mtu kusogea. Pigieni watu wa umeme simu, mngoje mpaka wenyewe waje waseme ni salama.

2. Hesabuni watoto na mifugo. Mtu mmoja awe na kazi ya kuzuia watu tu, asishike kazi nyingine. Wengine wote wakae mbali, angalau urefu wa nyumba mbili.

3. Hakuna mtu nyuma ya mizizi, ndani ya shimo, wala upande wa chini wa mteremko.

4. Bonge la mizizi lifungwe kwa mnyororo ama litegemezwe kwa magogo kabla ya kukata, na kisiki kiachwe kirefu, mita moja na zaidi.

5. Matawi yakatwe kuanzia yale yasiyobeba uzito. Kila tawi lililopinda lina upande uliovutika na upande uliobanwa. Fundi aanze kukata kidogo upande uliobanwa, kisha amalizie upande uliovutika. Akifanya kinyume, tawi litapasuka na kumrukia, ama litabana msumeno.

6. Fundi asimame upande wa juu wa mteremko, asikate kwa ncha ya upanga wa msumeno (ile chuma bapa ambayo mnyororo huzungukia). Ncha ikigusa mti, msumeno unaruka nyuma kuelekea usoni haraka kuliko mkono unavyoweza kuuzuia. Breki ya mnyororo iwe inafanya kazi. Kama imevunjika, kazi isianze.

7. Mavazi: kofia ngumu, miwani ya kukinga macho, vizibo vya masikio, glavu, viatu vigumu vyenye chuma mbele, na suruali nzito isiyopepea. Iko suruali maalum ya kazi hii, ambayo nyuzi zake hunasa mnyororo na kuuzuia. Ni ghali, lakini mguu ni ghali zaidi. Kanda-mbili ni mwiko.

8. Kuwe na kitambaa safi cha kufunga jeraha, na gari ama pikipiki ambayo dereva wake yuko. Jueni mapema mtapita njia gani kwenda hospitali, na kama jeraha ni kubwa, mtafikaje Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret. Asiwepo mtu wa kufanya kazi hii peke yake.

Kama kikundi hakina mtu aliyefundishwa, msijaribu. Kodini fundi mwenye uzoefu, na kazi yenu iwe kupima, kubeba, kupanga na kukausha. Hapo ndipo faida ilipo.

VIFAA

Kupasua kwa urefu kunachosha injini kuliko kukata kwa kukingama. Msumeno mdogo wa kukatia matawi utaungua. Inatakiwa injini kubwa, ya cc 70 kwa magogo ya kadiri, na cc 90 na zaidi kwa magogo mapana. Upanga uwe mrefu kuliko upana wa gogo.

Mnyororo nao unatakiwa kunolewa kwa namna yake. Meno ya mnyororo wa kawaida hunolewa kwa mshazari wa karibu nyuzi 30. Kwa kupasua, mafundi hunoa karibu kunyooka, nyuzi 10 hivi. Bao linatoka laini zaidi na injini haihangaiki. Mnyororo butu mtautambua kwa unga: ukitoka chipsi ndogo ndogo, uko sawa, ukitoka vumbi laini na moshi, simamisheni, noeni. Fundi mzuri hunoa kila anapojaza petroli.

Petroli huchanganywa na oili ya injini ndogo kulingana na kitabu cha mashine. Kwa misumeno mingi ya siku hizi ni 1 kwa 50, yaani mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli. Zimeni injini, ipoe, ndipo mjaze. Hakuna sigara hapo. Na ile tabia ya kutia oili chafu ya gari kwenye mnyororo tuiache: ina vipande vya chuma vinavyokula upanga, na inadhuru ngozi ya fundi.

Kisha kuna fremu. Fundi wengi hapa kwetu hupasua kwa mkono mtupu, wakifuata mstari kwa macho. Wako wenye macho makali, lakini mara nyingi bao hutoka inchi 3 upande huu na inchi 2 upande ule, na seremala atakayelinunua atalipa kwa ule upande mwembamba. Fremu ni chuma kinachofungwa kwenye upanga, kinachoteleza juu ya gogo na kuweka unene ule ule mwanzo hadi mwisho. Iliyo maarufu duniani huitwa Alaskan, na hutengenezwa na kampuni ya Granberg ya Marekani. Kikundi kinaweza kununua moja na kumpa fundi anapokuja kufanya kazi. Welda mzuri wa jua kali anaweza kuiga umbo lake, mradi vyuma viwe vimenyooka na boliti zisilegee kwa mtetemo.

Vifaa vingine: ngazi iliyonyooka ama mbao mbili ndefu zilizonyooka, pimamaji, uzi, kabari za mbao, mtaimbo, tupa ya kunolea, futi ya kupimia na kopo la rangi.

HATUA ZA KUPASUA

Hatua ya kwanza: kata magogo kwa urefu wa mnunuzi. Msikate kwanza halafu mtafute mnunuzi. Ulizeni maseremala wanataka futi ngapi. Meza nyingi ni kati ya futi 6 na 8. Ongezeni inchi 4 hadi 6 juu ya kila urefu, kwa sababu ncha zitapasuka zikikauka na itabidi zipunguzwe.

Hatua ya pili: pakeni rangi kwenye ncha za gogo siku hiyo hiyo. Rangi yoyote nzito iliyobaki nyumbani inafaa, ama nta. Maji hutoka kwenye ncha haraka kuliko ubavuni, na ndiyo maana mti huanza kupasuka hapo. Kazi hii ni ya dakika kumi, na ndiyo inayosahauliwa kila mahali.

Hatua ya tatu: inueni gogo juu ya vipande viwili vya mti, lisiguse udongo. Mnyororo ukigusa udongo mara moja tu, umekwisha makali. Osheni ama mtoe gome lenye matope. Na mtafute misumari! Miti ya mashambani imekuwa nguzo za ua, imefungiwa ng'ombe na kupigiliwa mabango. Doa jeusi ama la buluu kwenye mti mara nyingi ni chuma kilicho ndani.

Hatua ya nne: wekeni ngazi juu ya gogo, kuanzia ncha hadi ncha, na mwisawazishe kwa pimamaji. Ifungeni kwa skrubu fupi zisizofika mahali mnyororo utakapopita. Fremu itateleza juu ya ngazi. Mkato huu wa kwanza ndio mama wa mikato yote: ukipinda huu, mabao yote yatapinda. Kama hamna fremu, pigeni mstari kwa uzi uliopakwa masizi ama chokaa, pande zote mbili za gogo na kwenye ncha zote mbili.

Hatua ya tano: pasueni polepole, injini ikiwa kwenye nguvu kamili, bila kusukuma. Uzito wa msumeno unatosha. Mkiweza, gogo liwe limeinama kidogo, fundi akianzia ncha ya juu na kurudi chini, ili mteremko umsaidie. Kila baada ya futi 2, msaidizi apige kabari ndogo nyuma ya msumeno, bao lisiubane. Msaidizi asimame pembeni, si mbele ya mnyororo.

Hatua ya sita: toeni lile banzi la kwanza lenye gome. Sasa gogo lina uso ulionyooka, ngazi haihitajiki tena. Fremu itateleza juu ya uso huo. Wekeni inchi 3 na mwendelee.

Mahali shina linapogawanyika panda mbili, msipakate kuni. Bao linalopita katikati ya panda lina maua ya kupendeza, na maseremala wa meza hulitafuta. Lakini bao lenye kiini cha mti, ule moyo wa katikati kabisa, litapasuka tu hata mkifanyaje. Hilo litumieni kwa nguzo.

KILA MTI NA TABIA YAKE

Saiprasi ni mpole. Hupasuka vizuri na kukauka bila fujo. Ndio mti mzuri wa kujifunzia.

Paini nao ni laini, lakini wakati wa mvua huingia rangi ya buluu siku chache tu baada ya kuanguka. Haupunguzi nguvu sana, lakini unapunguza bei. Paini usingoje.

Mgrevilea hutoa mbao nzuri sana ya fanicha, yenye madoa kama lesi. Vumbi lake huwasha ngozi ya watu wengine, kwa hivyo fungeni mikono na mdomo.

Bluugamu ndio mkali. Unapokua huwa umejikaza ndani, na ukikatwa unajifungua wenyewe: gogo linapasuka nchani kwa mlio, na bao linainuka kama upinde hata kabla halijatoka. Dawa yake ni kupasua mapema, kutoa bao moja juu, kuligeuza gogo, kutoa lingine upande wa pili, na kuendelea hivyo kwa zamu hadi kiini kibaki katikati. Mkila upande mmoja tu, gogo lote litapinda.

KUKAUSHA: HAPA NDIPO PESA ILIPO

Bao bichi ni zito, na linunuliwe leo litapinda kesho. Seremala anajua hivyo, kwa hivyo anakupa bei ndogo. Kikundi kinachoweza kungoja ndicho kinachopata ile bei ya meza mjini. Wazee walisema haraka haraka haina baraka, na katika mbao ni kweli kabisa.

Tafuteni mahali palipoinuka, penye upepo, pasipo jua la moja kwa moja. Pangeni mawe ama matofali, kimo cha futi moja na nusu, ili mchwa na unyevu visifike. Wekeni bao la kwanza, juu yake vijiti vikavu vya inchi 1 kwa inchi 1, kimoja kila futi 2, kisha bao la pili. Vijiti vya juu vikae sawasawa juu ya vile vya chini, kama nguzo moja. Kijiti kikihama, bao litapinda hapo. Juu kabisa wekeni mawe mazito, kisha mabati ya kuzuia mvua. Pande ziachwe wazi, upepo upite. Msifunike kwa karatasi ya plastiki. Mbao zitaota ukungu.

Litakauka lini? Njia rahisi isiyodanganya ni mizani. Kateni kipande cha futi moja kutoka bao moja, pakeni rangi ncha zake, mkiandike namba, mkiweke katikati ya rundo. Kila mwisho wa mwezi mkipime kwenye mizani ya dukani na mwandike kwenye daftari. Mwezi wa kwanza kitapungua sana, wa pili kidogo. Uzito ukikaa pale pale miezi miwili ya kiangazi, rundo limekauka kadiri hewa ya hapa kwetu inavyoweza. Kwa bao la inchi 3 msitegemee chini ya mwaka mmoja, na bluugamu huenda zaidi.

Je, kikundi kinahitaji pesa sasa? Uzeni mabanzi ya kujengea ua na nyumba za kuku, uzeni matawi kama kuni, uzeni hata mabao mawili mabichi ya kulipia fundi. Unga wa mbao wekeni kwenye banda la kuku. Lakini mabao mapana yaachwe.

MAKUBALIANO NA DAFTARI

Ugomvi mwingi tulioona haukutoka kwa mti. Ulitoka kwa maneno yasiyoandikwa. Kabla fundi hajawasha injini, andikeni: analipwa kwa futi ama kwa siku? Petroli ni ya nani? Mnyororo ukikutana na msumari, nani ananunua mwingine? Bao lililopinda kwa makosa yake linahesabiwa? Mabanzi ni ya nani? Akiumia, nani anamtibu? Mwenyekiti na fundi watie sahihi, na mwenye mti pia.

Kama mti ni wa mwanachama mmoja na kazi ni ya kikundi, kubalianeni sehemu ya kila mmoja siku ya kwanza, mti ukiwa bado umelala. Kila bao liandikwe namba kwa rangi, na mweka hazina awe na orodha: urefu, upana, unene, siku lilipopasuliwa, na liliuzwa kwa nani kwa kiasi gani. Na kabla ya kutaja bei, ulizeni kwa maseremala watatu tofauti mjini, si mmoja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni miti gani katika mashamba yetu ambayo inaweza kuanguka mvua zijazo? Iko karibu na nyumba ama waya wa umeme?

2. Nani kati yetu amefundishwa kutumia msumeno? Ana mavazi gani ya kujikinga?

3. Rundo letu la mbao linaweza kukaa wapi mwaka mzima bila kuibiwa?

4. Mwanachama akipatwa na shida ya karo wakati mti wake umelala, kikundi kinaweza kumkopesha ili asiuze kwa bei ya kuni?

Hilo swali la nne ndilo tungependa mlizungumze kwa muda mrefu zaidi. Yule mama mjane hakukosa akili, wala hakukosa mti. Alikosa miezi michache ya kungoja, na hakuwa na mtu wa kumsaidia kungoja. Msumeno unakodishwa. Subira haikodishwi, lakini kikundi kinaweza kuichanga.

Na pale mti ulipoanguka, pandeni mingine miwili. Kama ni karibu na chemchemi ama mto, isiwe bluugamu.